Chumvi Mlangoni kwa Zulfa

“Kwani mume akifa, anazikwa na macho ya mkewe?”

Ndivyo Bi Tatu alivyowahi kumuuliza Zulfa, alasiri moja, ameegemea ukuta unaotenganisha nyua zao pale Rahaleo, Mtwara, mkononi ana ming’oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, anamenya na kula palepale. Hakuuliza kwa ubaya. Bi Tatu ni mtu ambaye neno likishamfika mdomoni halina pa kurudi. Alichotaka ni Zulfa aache kuchambua mchele, ajitande ushungi wake, avuke kuja kuangalia filamu pamoja na wanawake wenzake.

Zulfa alikuwa katika mwaka wa pili wa ujane. Mumewe Sudi, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa malori ya korosho, na tangu atoke eda Zulfa hakuwa akienda popote ila sokoni, darasani kwa kina mama pale msikitini, na kwa mtu akisikia anaumwa. Binti yake Hafsa alikuwa ameolewa Masasi. Asubuhi alikuwa akipika vitumbua kwenye kibaraza cha nyumba yake, na watu walikuwa wakivifuata kutoka hata Chuno. Kwa vitumbua hivyo alikuwa akila, akivaa, na kulipa umeme bila kumpigia mtu magoti.

“Filamu za nini mimi, Tatu? Watu wanakaa uchi humo.”

“Uchi wa wapi. Muzamil huyu hapa, muulize mwenyewe.”

Muzamil ndiye mwenye banda la video nyuma ya soko. Kazi yake kubwa si kuwasha filamu, ni kuizungumzia. Anakaa pembeni na kipaza sauti, anaeleza kwa Kiswahili kila kinachosemwa, na watu wanalipa kumsikia yeye kuliko kuwaona wale wazungu. Wanawake wa heshima hawaingii bandani kwake, mna moshi wa sigara na vijana wa mpira, kwa hiyo Jumapili alikuwa akiileta televisheni uani kwa Bi Tatu, na ujira wake chai na chochote kilichopikwa.

“Haki ya Mungu, mama, hii unaweza kukaa na shehe mkaiangalia,” alisema Muzamil. “Huko kwao kuna baridi. Watu wamevaa mpaka masikioni.”

Zulfa akavuka. Akakaa mkekani karibu na mlango, tayari kuondoka likitokea la kuondokea.

Ilikuwa filamu ya zamani, haina rangi, imejaa mikwaruzo kama inanyesha mvua. Mwanaume mmoja anashuka melini na sanduku lake kwenye mji mdogo wa wavuvi, huko kunakoanguka theluji. Hajui lugha ya watu wale. Anauliza njia, watu wanamcheka. Anakaa mezani kwenye kiti kumbe ni cha mkubwa wa mji, anainuliwa kwa kola. Mwisho anapata chumba cha juu kwenye nyumba ya mwanamke mmoja aliyevaa nyeupe tangu kichwani mpaka miguuni, hana hereni, hana bangili, wala hatoki nje.

“Kizuka huyo,” alisema Bi Tatu.

“Yuko eda,” wakasema wengine. “Mtazameni, hata kioo hatazami.”

Muzamil alikuwa ameshaanza kusema kwamba mwanamke yule ni mwokaji wa mikate, lakini alivyosikia hukumu ya akina mama aligeuza maneno hapohapo. “Naam, mume wake kafa baharini, yuko eda,” akaendelea bila haya. Na kila alfajiri yule mgeni aliposhuka ngazi akaweka kifuko cheupe mlangoni kwa mwanamke yule, akaondoka bila kugonga, Muzamil alisema, “Unga huo. Sadaka. Anajua kizuka hasemeshwi na wanaume ovyo.”

“Allah amzidishie,” wakaitikia mkekani.

Zulfa hakuitikia. Alikuwa akimtazama yule mwanamke anavyofungua mlango, anaokota kifuko, anatazama huku na huku, kisha anakikumbatia kifuani kabla ya kuingia ndani. Alijua chumba kile kinavyokuwa. Alijua namna siku zinavyojipanga foleni nje ya dirisha na hakuna hata moja inayoingia. Adhana ya magharibi ilipoitwa filamu ilikuwa bado, akaenda zake kuswali, lakini usiku ule kabla ya kulala alijikuta anamfikiria yule mgeni, kama alipata blanketi la kutosha.

Sasa, siku chache baadaye, Zulfa alifungua mlango alfajiri atoe jiko, akakuta kifurushi kizingitini kwake.

Kilikuwa kitambaa cheupe, kipya, kimefungwa kwa uzi mweusi mdomoni. Alikigusa kwa mpini wa ufagio, kikafunguka, ikamwagika chumvi ya mawe. Weupe ule haukumkumbusha filamu, maana kwenye filamu ulikuwa unga, na ilikuwa filamu. Ulimkumbusha sanda. Kitambaa cha sanda, uzi mweusi na chumvi, mlangoni kwa mjane, kabla hakujapambazuka. Akasoma Ayatul Kursiyu, akakifagia mpaka jalalani, akanawa mikono kwa sabuni, akawasha jiko. Hakumwambia mtu.

Cha pili hakukiona yeye kwanza. Alikiona kijana wa bodaboda aliyekuwa mteja wake wa kila siku. Kijana alisimama, akatazama chini, akarudisha pikipiki yake nyumanyuma hadi barabarani kama inayovutwa na kamba. Kufikia adhuhuri hakuna aliyekuwa hajui. Chuno walijua. Mtu aliyetoka Madimba na mafungu ya mihogo naye alikuwa ameshaambiwa njiani.

Na chakula ndicho kitu cha kwanza watu wanachokiogopa. Hakuna aliyemwambia Zulfa neno baya. Walipita tu upande wa pili wa njia. “Leo nimeshakunywa chai, mama.” “Leo nimefunga.” Jumatatu walikuwa wamefunga wengi kuliko Ramadhani. Sinia ilibaki imejaa mpaka saa za mchana, na alipowapelekea watoto wa madrasa, nao walitazamana kwanza, akaanza mmoja aliyekuwa na njaa zaidi.

Aliyeendelea kuja ni Twahiru peke yake.

Huyu Twahiru alikuwa fundi wa mafriji na viyoyozi, mtu wa Ujiji, Kigoma, aliyeletwa Mtwara na kazi ya kule kwenye gesi Madimba na akabaki hata kazi ilipopungua. Alipanga chumba nyuma ya banda la Muzamil. Mkewe alikuwa amefariki kwao miaka mingi nyuma. Mrefu, mpole, mtu wa safu ya mbele msikitini, na mgeni kwa kila kitu. Siku ya kwanza alipofikishwa ufukweni aliteka maji kwa kiganja akayaonja, kisha akawaambia wavuvi kwamba ni kweli, yana chumvi, kana kwamba walikuwa wakimngoja yeye athibitishe. Alilalamika kwamba mboga za huku hazina mawese. Akikaribishwa chakula na mtu anayekula barazani, ambako kila mtu anajua ni kumega tonge moja na kushukuru, yeye alikuwa akivua viatu na kukaa mpaka sahani iishe. Watu walimcheka, naye alicheka nao, akitaka kujua nini kinachochekesha.

Kuhusu vile vifurushi hakuna aliyemwambia. Mambo kama hayo haambiwi mtu wa kuja, maana mtu wa kuja ndiye anayetazamwa kwanza.

“Mama Hafsa,” alisema asubuhi ile, ameshamaliza kitumbua cha nne, “jana mlipika nini?”

“Mchuzi wa pweza.”

“Ulikolea?”

Zulfa alimtazama. Mwanaume kumuuliza mwanamke wa watu kama mchuzi wake umekolea. Bara huko wana maneno yao, akajisemea. “Alhamdulillahi,” akamjibu.

Twahiru akaenda zake anatabasamu, na Zulfa akabaki na kijiko mkononi, hajui kwa nini lile tabasamu limemkaa.

Mambo yalipomfikia shemeji yake Isihaka, kaka mkubwa wa marehemu, alitoka Mikindani siku hiyohiyo. Isihaka si mtu mbaya. Ni mtu wa kuogopa kwa sauti kubwa. Alikaa sebuleni akakataa hata maji, mpaka Zulfa alipoyanywa yeye kwanza.

“Shemeji, hapa huwezi kukaa,” alisema. “Ijumaa nakuja na mganga kutoka ng’ambo ya Ruvuma. Huyu akisimama mlangoni ananusa, anamtaja aliyeweka kwa jina na nyumba yake. Akishamtaja, sisi tutajua la kufanya. Na wewe unafunga vyombo unarudi Mikindani kwetu. Nyumba tutaipangisha.”

“Mganga nyumbani kwangu haingii. Mimi nimesoma dua zangu.”

“Dua soma. Mganga atasimama nje.”

“Na akimtaja mtu ambaye siye?”

“Hakosei.”

Zulfa aliwahi kuona, alipokuwa msichana shambani kwa bibi yake, mtu alivyotajwa, na alivyoondoka kijijini na godoro kichwani wala hakuna aliyemuaga. Akilini aliona kibaraza chake kikiwa na wapangaji, aliona jiko lake ukumbini kwa wakwe akipika kwa zamu na wake wa watu, na aliona godoro lile. Yote matatu yangemfika Ijumaa, kama yeye mwenyewe asingemjua mwekaji kabla ya siku hiyo.

Alasiri ya siku iliyofuata alikwenda dukani kwa Hemedi kununua iliki. Iliki hakuwa na shida nayo sana, ila dukani ndiko watu wanakosema. Hemedi alikuwa amenuna.

“Mama Hafsa, hawa watu wa kuja hawana adabu. Yule fundi wa friji kaja juzijuzi, magharibi imeshaingia, kasimama pale, ‘Nipe chumvi.’ Anaitaja hivihivi, kama anataja jina la shangazi yake.”

Ndivyo ilivyo pwani yote, jua likizama chumvi haitajwi dukani wala haiuzwi. Anayeihitaji sana ataomba kile cha kutia mchuzini, na bado anaweza kunyimwa.

“Ukamuuzia?” aliuliza Zulfa.

“Nimuuzie duka langu lipate mkosi? Nilimwambia arudi asubuhi. Karudi. Nampa ya pakiti, hataki, anataka ya mawe.” Hemedi alipima iliki kwa ncha za vidole. “Eti ya pakiti haina heshima.”

Zulfa alirudi nyumbani polepole. Alikumbuka, “Ulikolea?” Mwanzo aliogopa, akasema moyoni kumbe ndiye, na anakula vitumbua vyangu huku ananitazama. Kisha akaogopa kuogopa kule, maana kumbebesha Mwislamu jambo kama lile kwa dhana ni dhambi nzito. Akaamua atazame kwa macho yake, kwa sababu macho hayo, kwa mujibu wa Bi Tatu, hayakuzikwa.

Alfajiri hakuwasha jiko. Alikaa gizani nyuma ya mlango, juu ya mbuzi ya kukunia nazi, tasbihi mkononi. Muadhini akaita. Baadaye kidogo akasikia kandambili zinakuja, zinasimama. Akafungua.

Twahiru alikuwa amechuchumaa kizingitini na kanzu yake, anakiweka kifurushi sawasawa, taratibu, kama anayelaza yai.

“Asalaam alaykum, Mama Hafsa,” alisema kutokea pale chini.

“Waalaykumu salaam. Inuka. Umeweka nini hapo?”

“Chumvi.”

Alilitamka neno kwa uso mweupe namna ile, hofu yote ya Zulfa ikakosa pa kushika.

“Chumvi ya nini?”

Twahiru alimtazama kama mwanafunzi aliyeulizwa swali na mwalimu aliyemfundisha jibu. “Si desturi yenu?”

“Desturi ya nani?”

“Ya watu wa pwani. Mwanaume akitaka kumposa mjane hamsemeshi. Anamwekea chumvi mlangoni alfajiri. Akiitia kwenye mchuzi, ndiyo amekubali.” Akakitazama kifurushi. “Ndiyo maana nikawa nauliza kama umekolea.”

Zulfa alishika fremu ya mlango. “Nani kakwambia?”

“Muzamil. Kwenye ile filamu ya mgeni.”

“Ile ya theluji? Mle mna unga.”

“Hapana, chumvi. Mimi nimeiona mara mbili bandani.”

“Na hiki kitambaa cheupe?”

“Kwenye filamu ni cheupe.”

“Na uzi mweusi?”

“Uzi ndio niliokuwa nao. Ni wa kufungia nyaya.” Akaongeza, kwa kuomba radhi, “Kwetu chumvi inatoka Uvinza, ni kitu cha maana sana. Nikaona desturi yenu nzuri.”

Hapo Zulfa alibana midomo kwa ncha ya ushungi, maana kilichokuwa kikija ni kicheko, na hakikuwa na ruhusa. Kikapita. Kisha akamweleza Twahiru, kwa maneno machache, wateja walikokwenda, na nani anakuja Ijumaa kunusa mlango. Alimwona anavyobadilika uso.

“Nakwenda kuwaambia sasa hivi,” alisema Twahiru. “Msikitini, mbele ya watu wote.”

“Utawaambia nini? Kwamba wewe, mtu wa mbali, ndiye uliyekuwa ukiniwekea? Ukishafika hapo nani atangoja umalizie habari za filamu? Chukua kitambaa chako, nenda kaswali. Usimwambie mtu neno. Mimi nitakuita.”

Akaondoka na kifurushi chake mfukoni mwa kanzu. Lile la posa Zulfa alilipita kama hakulisikia. Alilisikia vizuri sana, na vitumbua vya asubuhi ile vyote viliungua upande mmoja.

Jua lilipopanda alimfuata Muzamil, akamkuta anafagia maganda ya karanga mbele ya banda.

“Muzamil, yule mgeni kwenye filamu anaweka nini mlangoni?”

“Unga, mama.”

“Na ukiwa na wanaume?”

Ufagio ukasimama. “Mama, kila watu na filamu yao. Wanaume nikiwaambia kuna mtu anagawa sadaka ya unga, watalala. Nikawatilia posa kidogo.”

“Na hiyo desturi ya pwani?”

“Niliitunga palepale. Walicheka kweli siku hiyo. Wote wanajua ni mimi.”

“Wote?”

Muzamil alifikiri. Alikumbuka mtu mmoja mrefu aliyekaa mbele bila kucheka, anatikisa kichwa kwa makini. “Yallah,” alisema taratibu.

“Kwani wale wenyewe wanazungumza lugha gani?”

“Sijui, mama. Ya baridi.”

“Basi nisikilize,” alisema Zulfa. “Alhamisi baada ya alasiri utaileta uani kwa Tatu. Na utaisema kama unavyowasemea wanaume. Usipunguze, usiongeze. Na mpangaji wako uje naye.”

Kisha akampigia simu Isihaka, akamwambia asingoje Ijumaa, aje Alhamisi, mwekaji amejulikana. Isihaka alitaka jina. Zulfa alisema jina liko Rahaleo, alifuate huko.

Alhamisi ua wa Bi Tatu ulijaa. Zulfa hakualika, alimwambia Bi Tatu tu kwamba ni siri. Wanawake walikaa mikekani, wanaume wakasimama ukutani, Hemedi alifunga duka. Isihaka alipewa kiti mbele na akakikalia kama kadhi. Twahiru alikuwa nyuma kabisa, karibu na karo, kofia mikononi, ameishika kama anayeshikilia steringi.

“Tumekuja kwenye jambo zito, tunawashiwa televisheni,” alisema Isihaka.

“Vumilia, shemeji. Ndilo jambo lenyewe,” alisema Zulfa.

Muzamil akaanza. Mwanzo sauti ilimtetemeka, lakini mtu wa kipaza sauti ni mtu wa kipaza sauti. Mgeni aliposhuka melini aliwafanya watu wacheke. Alipoinuliwa kwa kola walicheka zaidi, na Isihaka naye alijisahau. Halafu ikafika alfajiri ile. Mgeni akashuka ngazi, kifuko cheupe mkononi, akachuchumaa mlangoni.

Muzamil akamtupia jicho Zulfa. Zulfa hakumwondolea macho.

“Chumvi hiyo,” alisema Muzamil. “Chumvi ya mawe. Ni desturi ya watu wa pwani. Mwanaume akimtaka mjane, hasemi. Anamwekea chumvi mlangoni, kwenye kitambaa cheupe, alfajiri, watu wamelala. Akiitia mchuzini, amekubali posa.”

Zulfa akaomba filamu isimamishwe. Mgeni akabaki amechuchumaa kwenye kioo. Mtu alikohoa. Macho yalianza kuhama kutoka kwenye kioo kwenda kwa Zulfa, kutoka kwa Zulfa kwenda huku na huku, yakitafuta.

“Hayo ni maneno ya Muzamil,” alisema Isihaka.

“Ndiyo, shemeji. Na kuna mtu aliyasikia.”

Twahiru hakungoja kuitwa. Alipita katikati ya mikeka, akikanyaga kwa uangalifu, akasimama mbele ya Isihaka. “Ni mimi, kaka,” alisema. “Nilidhani ndivyo mnavyofanya huku. Mimi ni mtu wa Ujiji. Sikukusudia kumtisha mtu.”

Hapo palikuwa pabaya. Zulfa alipaona. Wanaume wawili walijitoa ukutani. Isihaka aliinuka nusu, mikono kwenye kiti, midomo wazi. Kicheko kikitangulia, mtu amepona. Hasira ikitangulia, hakuna filamu itakayosaidia.

“Subiri,” alisema Bi Tatu kutoka mkekani. “Wewe baba. Wewe ulimsadiki Muzamil?”

“Ndiyo,” alisema Twahiru.

“Muzamil huyu?”

“Alikuwa anasema kwa kipaza sauti.”

Bi Tatu akaanguka kwa ubavu. Wanawake wakaangukiana. Hemedi alishika ukuta. Haikuwa tena habari ya chumvi wala ya kitambaa. Ilikuwa kwamba katika mji mzima wa Mtwara amepatikana mtu mmoja, mtu mzima mwenye ndevu, aliyemwamini Muzamil. Na Isihaka, ambaye Muzamil alipokuwa mtoto aliwahi kumuuzia kuku aliyekuwa wake yeye Isihaka, alikaa chini tena kidogokidogo, mabega yakaanza kumcheza, akatoa leso akafuta macho.

“Siku ile ya kuku,” alisema, akashindwa kumaliza.

“Mjomba, ya kuku tulishayamaliza,” alisema Muzamil.

Walipotulia Isihaka alitoa simu akapiga ng’ambo. “Asivuke,” alisema. “Mwambie hakuna cha kunusa. Ni posa.” Kisha akamgeukia Zulfa, hana raha kidogo. “Basi vitumbua vyako pika. Na nyumba, kaa. Sudi aliijenga ukae.”

“Ahsante, shemeji.”

Kijana wa bodaboda, yule wa kwanza kukimbia, aliuliza kwa sauti ndogo kama kuna vilivyobaki vya asubuhi. Sinia ikapita mkono kwa mkono, na Zulfa aliitazama inavyokwenda mpaka ikarudi tupu. Isihaka alikula viwili bila kumngoja mtu aanze.

Lakini Bi Tatu hakuwa ameshiba. “Haya, Zulfa,” alisema, anapangusa mikono. “Tueleze basi. Mchuzini uliitia au hukuitia?”

Twahiru aliitazama kofia yake.

Zulfa alisimama, akaukaza ushungi. Alikuwa amelifikiri jambo hili tangu alfajiri ile, akiosha mchele, akiswali rakaa zake mbili za kumwomba Mungu amchagulie. Alikuwa amemkumbuka Sudi bila kuona haya. Aliona kwamba mtu anayerauka alfajiri kumwekea mwanamke chumvi kwa sababu ameambiwa ndiyo adabu, ni mtu anayeitafuta adabu hata mahali ambapo haipo. Na mtu kama huyo anafundishika.

“Niliifagia jalalani,” alisema. “Yote.”

Twahiru aliinamisha kichwa.

“Kwa hiyo wewe hujaposa,” Zulfa akamwambia yeye sasa, mbele ya watu, sauti yake ileile anayohesabia vitumbua. “Umeniletea taka mlangoni na umenikosesha wateja. Huku kwetu mtu mwenye nia hachuchumai kwenye giza. Anatafuta mshenga mwenye midomo, anamtuma kwa walii wa mwanamke, mchana. Walii wangu ni kaka yangu Mussa, yuko Mikindani, ukishapita msikiti unauliza nyumba ya fundi cherehani. Jioni hii yupo. Mshenga, Isihaka huyu hapa, anarudi hukohuko, na sidhani kama atashiba vitumbua vya mtu halafu ashindwe kumsemea mwenzake.”

Isihaka alikohoa, akatazama mkono wake uliokuwa bado na mafuta.

“Jibu atalitoa Mussa, naye ataniuliza mimi kwanza. Mpaka hapo,” alisema Zulfa, “mimi na wewe hatuna mazungumzo. Sitaki kusikia kutoka kwako neno hata moja. Hata la mchuzi.”

Twahiru alifumbua mdomo. Bi Tatu alimwinulia kidole. Akaufumba, akavaa kofia yake, akamngoja Isihaka avae viatu, kisha akatoka nje kimya, akimtangulia, kuelekea njia ya Mikindani.